Mlio mzuri, shimo tupu: matatizo ya kutafuta sarafu za zamani kwenye kiwanja kilichobomolewa nyumba

Kiwanja kitupu ambacho zamani kilikuwa na nyumba au duka ni mahali pazuri pa kutafuta sarafu na tokeni (vipande vya metali vinavyotumika mahali pa pesa), ila ni mahali pagumu pa kujifunzia mashine ya kutambua metali. Nyumba ikivunjwa, mbao huchukuliwa na misumari hubaki. Hubaki pia vipande vya nondo, mabati, bawaba, nyaya, foili, na vizibo vya soda vya kila aliyewahi kukatiza hapo. Ndiyo maana mtu hupiga saa nzima akichimba kutu, kisha anasema mashine aliyouziwa ni mbovu. Mara nyingi mashine ni nzima. Udongo ndio una mambo mengi, na kila tatizo lina dalili yake ya kulitambulia.

Mwenye kiwanja awe amekuruhusu, ikiwezekana kwa maandishi, na ujue sheria ya nchi uliyopo inasemaje kuhusu vitu vya kale vilivyofukiwa. Uliza mabomba na nyaya za umeme vimepita wapi. Ukikuta kitu kinachofanana na bomu au kombora, usikiguse: ondoka, zuia watu wasisogee, ita polisi. Baada ya hapo tunaweza kuzungumza kuhusu milio.

Mashine inalia ovyo, huwezi hata kuanza

Usiguse kitufe chochote kwanza. Simama, inua koili (ile sahani ya chini inayopitishwa juu ya ardhi) hadi usawa wa kiuno, iweke mbali na viatu na sepetu lako, itulize kabisa, kisha sikiliza. Jaribio hili la nusu dakika linagawa matatizo yote ya kelele mafungu mawili.

Ikiwa inaendelea kulia hewani, ardhi haihusiki. Mashine inanasa mawimbi ya umeme kutoka kwingine: nyaya za umeme juu ya kichwa, kebo iliyofukiwa, taa za mtaani, ruta ya nyumba ya jirani, simu iliyo mfukoni mwako, au mwenzako aliye karibu na mashine ya masafa yanayokaribiana na ya kwako. Zima simu au iweke kwenye hali ya ndegeni. Msogeze mwenzako mita kadhaa. Mashine nyingi zina uwezo wa kuhamisha masafa kidogo. Pitia chaneli moja baada ya nyingine mpaka upate iliyo tulivu. Kelele ikija kwa mapigo yaliyopangika, kama moja kila sekunde hivi, tafuta uzio wa umeme jirani. Ikishindikana yote, punguza unyeti, yaani wepesi wa mashine kusikia. Watu wengi huona vibaya kupunguza unyeti, wanahisi wanapoteza kina, ila mashine inayobweka muda wote haina kina chochote, kwa sababu mlio dhaifu wa sarafu ya chini hutausikia.

Kama hakuna umeme karibu na bado inalia, angalia mashine yenyewe. Betri zikikaribia kuisha, baadhi ya mashine huanza kubabaika kabla ya kuzima. Waya wa koili ukining'inia na kucheza kwenye mti wa mashine huleta milio ya uongo, kwa hiyo uzungushe vizuri na uubane, hasa pale karibu na koili. Kaza kiunganishi. Fungua kifuniko cha chini cha koili: mara nyingi utakuta mchanga, matope na vumbi la kutu vimejaa humo, na vinapita na koili kila inapokwenda. Kioshe, kikaushe, kirudishe.

Ikiwa ilinyamaza hewani na inalia ukiishusha tu, basi ni ardhi. Mashine nyingi za sarafu hupeleka mkondo unaobadilikabadilika kwenye koili, mkondo huo hutoa uga wa sumaku, na uga ukikuta metali huamsha ndani yake mikondo midogo ya mzunguko ambayo koili ya kupokea huisikia. Udongo wenye madini ya chuma nao hujibu. Kwenye kiwanja kilichobomolewa hali ni mbaya zaidi, maana tofali la udongo likichomwa hupata tabia ya sumaku, na majivu au mabaki ya makaa ya mawe yaliyoungua hulia kabisa kana kwamba ni metali. Dawa ni kusawazisha mashine na udongo. Tafuta sehemu isiyo na metali, pandisha na kushusha koili kati ya sentimeta 5 na 25 hivi, mpaka mlio wa kupanda na wa kushuka ulingane. Ugumu ni kuipata hiyo sehemu safi. Jaribu pembeni, mbali na msingi wa nyumba. Na usisawazishe mara moja ukaridhika. Ukitoka kwenye ua ukaingia kwenye kifusi, umeingia kwenye udongo mwingine, rudia tena.

Inalia kila koili inapofika upande mmoja

Kiatu chenye chuma cha kukinga vidole. Au unainua koili mwisho wa kila mzunguko, kama afanyavyo mtu anayefyeka nyasi. Koili ikae sambamba na ardhi kutoka mwanzo hadi mwisho, karibu kadiri inavyowezekana bila kugonga mawe. Hakuna zaidi ya hapo.

Mlio ni mzuri, namba ya kwenye skrini ni nzuri, shimo halina kitu

Hili ndilo linalovunja watu moyo, na lina vyanzo vinne au vitano vinavyofanana kwa nje.

Cha kwanza ni msumari. Chuma kinapaswa kutoa mlio mzito wa chini, na hutoa, ila msumari mrefu uliolala, hasa uliopinda, unaweza kutoa mlio wa juu ukipitiwa kwa upande fulani. Vivyo hivyo washa (pete bapa zinazowekwa chini ya nati), pete za chuma na bati pana lenye kutu: mikondo huzunguka ndani yake vizuri hadi mashine inadhani ni shaba au fedha. Kabla ya kuchimba, fanya hivi. Pitisha koili juu ya kitu mara kadhaa, kisha zunguka robo duara, upitishe tena ukiwa umesimama upande mwingine. Sarafu hulia karibu sawa kutoka pande zote, mlio mfupi, wenye mwanzo na mwisho ulio wazi. Msumari hulia vizuri upande mmoja, ukigeuka unakatika, unakuwa na mikwaruzo, au unapotea. Angalia pia mahali: mlio wa juu wa msumari mara nyingi haukai juu ya kitu chenyewe, umekaa pembeni kidogo, na ukitumia kitufe cha kutafuta kitovu, yaani mahali hasa kitu kilipo, kitovu kinakuhamishia sentimeta kadhaa kutoka uliposikia mlio. Mlio na kitovu visipokubaliana, shuku chuma.

Halafu inua koili. Sarafu hufifia haraka ukipanda. Kitu kinacholia kwa nguvu koili ikiwa sentimeta 30 juu ya ardhi ni kikubwa: bati, sufuria, kipande cha bomba. Ondoa kichujio cha chuma (mpangilio unaonyamazisha milio ya chuma) kwa muda, usikilize metali zote. Mara nyingi utasikia mngurumo wa chuma umeuzunguka ule mlio mzuri uliokuwa unaufurahia.

Chanzo cha pili ni kutu iliyoenea. Chuma kikioza kwa miaka, oksidi zake hutapakaa kwenye udongo unaokizunguka, na koili hukisikia kikubwa kuliko kilivyo. Ukichimba unauvuruga ule udongo, mlio unafifia au unakufa, na unabaki umeinama juu ya shimo lenye udongo mwekundu. Ukiona rangi hiyo ya kutu kwenye ukuta wa shimo, umeshapata jibu lako.

Cha tatu: kitu kimetoka tayari, kiko kwenye rundo la udongo ulilotoa. Sarafu yenye umri ina rangi ya udongo uleule. Pitisha koili juu ya rundo kwanza, kisha juu ya shimo, na usichimbe tena mpaka ujue mlio uko wapi. Detekta ndogo ya mkononi hulipa gharama yake hapa kuliko kifaa kingine chochote. Ingiza ncha yake shimoni, zungusha kwenye kuta zote nne na siyo chini tu, kwa sababu sarafu nyingi "zilizopotea" zimekaa ukutani, sentimeta mbili tatu kutoka pale jembe lilipopita.

Cha nne: sarafu imegeuka. Sarafu iliyolala bapa chini ya koili hutoa mlio wenye nguvu kuliko yote. Ikisimama kwa ukingo, mikondo ndani yake huwa midogo na mlio hudhoofu sana. Jembe likiigusa ikasimama, mashine itakuambia imeondoka. Vuruga udongo wa chini ya shimo kwa mkono, usikilize tena.

Na mwisho, huenda unakosea kitovu. Weka sarafu juu ya ardhi safi, ipitie kwa herufi X, uone ni sehemu gani ya koili inapolia zaidi. Kwenye koili zenye nyuzi mbili zenye umbo la D zilizopishana, sehemu kali ni mstari mwembamba katikati kutoka mbele hadi nyuma. Kwenye koili za duara ndani ya duara ni katikati kabisa. Mtu anayekosea kitovu kila mara upande uleule, tuseme mbele, hajaijua koili yake bado. Hili linarekebishwa nyumbani kwa sarafu moja na uvumilivu.

Milio ni ya chuma mfululizo, hakuna sarafu hata moja

Hapa wengi hukata tamaa na kusema kiwanja kimeshapitiwa na wenzao. Inawezekana. Lakini kuna uwezekano mwingine: sarafu ziko, chuma kinazifunika.

Tatizo hili ni la zamani kama mashine yenyewe. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell alijaribu kwa kifaa chake cha umeme kuitafuta risasi iliyokuwa mwilini mwa Rais James Garfield wa Marekani, aliyekuwa amepigwa risasi. Kifaa kilikuwa kimefanya kazi vizuri kwenye majaribio. Kitandani kwa mgonjwa hakikutoa jibu la kueleweka, na moja ya mambo yaliyolaumiwa ni springi za chuma ndani ya kitanda. Pia daktari alikuwa ameruhusu upande mmoja tu wa mwili ukaguliwe. Ukisimama kwenye kiwanja chenye misumari mia umesimama juu ya kitanda kilekile.

Usiniamini, jaribu mwenyewe. Tafuta sehemu safi, weka sarafu moja ya shaba juu ya ardhi, ipitie usikie mlio wake. Sasa weka msumari wenye kutu sentimeta 15 pembeni, upitie vyote viwili. Usogeze msumari kidogo kidogo. Kuna mahali ambapo mlio wa sarafu unaanza kukatika, na mbele kidogo hausikiki kabisa, ingawa sarafu unaiona kwa macho. Rudia ukiwa umeongeza kichujio cha chuma: umbali huo unakuwa mkubwa zaidi, maana mashine ikinyamazisha msumari, hunyamaza kwa muda kidogo, na ndani ya muda huo koili imeshaipita sarafu.

Ukishaona kwa macho yako, marekebisho yanajieleza. Punguza kichujio hadi uwe unasikia chuma kama mngurumo wa chini, badala ya kukinyamazisha chote. Inachosha masikio, lakini ndipo sarafu za kiwanja zilipo. Ongeza kasi ya mwitikio kama mashine yako ina mpangilio huo, ili ipone haraka baada ya msumari mmoja kabla ya kufika kitu cha pili. Tumia koili ndogo, ya sentimeta 13 hadi 15. Utapoteza kina kidogo, utapata uwezo wa kupenya kati ya msumari na msumari. Kwenye kifusi mimi nisingetumia koili kubwa hata nikipewa bure. Nenda polepole, na usikilize kijimlio kifupi cha juu kinachochungulia katikati ya miguno ya chuma. Kikirudi mara mbili katika tatu, chimba.

Eneo dogo lenye dalili nzuri, kama pale palipokuwa na ngazi ya mlangoni, lisafishe kabisa. Toa kila chuma, uweke kwenye mfuko, kisha lipitie upya. Kuna sarafu ambazo husikika tu baada ya msumari wa juu yake kuondoka. Mfuko huo uondoke nao. Ukirudisha misumari shimoni umejitengenezea kazi ya wiki ijayo.

Halafu kuna sarafu ambazo zenyewe ni chuma. Nchi nyingi hutengeneza sarafu za thamani ndogo kwa chuma kilichopakwa shaba au nikeli, na senti ya Marekani ya mwaka 1943 ilikuwa chuma kilichopakwa zinki kwa sababu shaba ilihitajika vitani. Kichujio kikali kitazitupa pamoja na misumari. Sumaku ndogo mfukoni itakutatulia ubishi huo.

Ninachimba vizibo na vishikio vya makopo tu

Mashine haijui thamani. Inapima jinsi mkondo unavyopita, na hilo hutegemea aina ya metali, ukubwa na unene wake. Fedha na shaba safi hukaa juu kwenye kipimo. Foili, nikeli na dhahabu nyembamba hukaa chini. Katikati kuna mchanganyiko wa aluminiamu, shaba njano na zinki. Humo katikati ndimo vilimo vishikio vya makopo, na ndimo zilimo tokeni nyingi.

Kwa anayetafuta sarafu za fedha pekee, kuziba eneo la katikati kunaeleweka. Kwa anayetaka tokeni za nauli, za maduka au za michezo ya mashine, ni kosa, maana nyingi zilitengenezwa kwa shaba njano au aluminiamu. Kubali takataka. Unachoweza kufanya ni kujifunza namba: chimba kila kitu kwenye eneo dogo, andika namba na ulichopata. Vishikio vya aina moja hurudia namba ileile kila mara, basi namba inayokaa hatua mbili pembeni yao inastahili jembe. Vizibo vya chuma vya soda hudanganya kwa mlio wa juu wenye mikwaruzo. Pitisha sehemu kali ya koili juu yake, kisha uivute taratibu ukitoka mpaka ubaki ukingo tu wa koili juu ya kitu: kizibo mara nyingi huanza kuguna kama chuma.

Takataka hizi zina faida moja: zinakuambia tarehe. Vishikio vya kung'oa kwenye makopo ya vinywaji vilienea miaka ya 1960. Ukivikuta chini kabisa ya shimo, bado hujafika kwenye udongo wa zamani. Aluminiamu nayo ilishuka bei baada ya njia ya kuizalisha kwa umeme kupatikana mwaka 1886, kwa hiyo tokeni ya aluminiamu uliyoikuta karibu hakika ni ya baada ya hapo, haijalishi imechakaa kiasi gani.

Kimya. Hata misumari haipo

Kiwanja kilichowahi kuwa na nyumba na kisicho na chuma kinatia shaka. Aidha kimefunikwa kwa udongo ulioletwa na malori, au tingatinga limekwangua udongo wa juu na kuusukuma pembeni. Kwa koili ya kawaida, ya sentimeta 23 hadi 28, sarafu ya ukubwa wa wastani husikika vizuri hadi sentimeta 15 au 20. Nusu mita ya udongo wa kuletwa inafunga hesabu. Hapo kuongeza unyeti hakusaidii.

Tafuta pale ambapo udongo wa asili bado uko juu. Miti mikubwa ni kielelezo kizuri: shina likitanuka kwa chini pale mizizi inapoanzia, usawa wa zamani ndio huo, likiingia ardhini limenyooka kama nguzo, huenda udongo umeongezwa. Pita kando ya uzio, kwenye kingo zilizokatwa na maji ya mvua, na kwenye kichuguu cha udongo kilichosukumwa pembeni. Kichuguu hicho hudharauliwa, wakati ndicho chenye udongo wa juu wa kiwanja kizima.

Kimepatikana, lakini hakisomeki

Usikisugue kwa kidole. Mchanga uliong'ang'ania utachora mistari juu ya maandishi, na mistari hiyo haitoki tena. Kiweke kwenye kijisanduku chenye pamba, ukifika nyumbani kiloweke kwenye maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, ubadilishe maji yakichafuka. Siki na ndimu viache jikoni. Vinakula ngozi ya shaba, na zinki havibakizi. Tokeni ya aluminiamu iliyolala kwenye kifusi chenye saruji au chokaa mara nyingi huwa na vishimo na unga mweupe, kwa kuwa aluminiamu haipatani na vitu hivyo. Hilo halirekebishiki, kausha tu na uache.

Kusoma, zima taa ya juu na umulike tochi kutoka pembeni, karibu sambamba na meza. Herufi ambazo hazikuonekana hutoa vivuli. Zungusha kitu chini ya mwanga huku ukipiga picha, kisha linganisha picha. Pima kipenyo kwa kalipa na uzito kwa mizani ndogo. Vipimo viwili hivyo huondoa uwezekano mwingi hata kabla hujapata neno moja. Tundu katikati au alama iliyokatwa kwa umbo fulani huelekeza kwenye tokeni ya nauli. Na ukikigeuza ukakuta kijicho cha kupitishia uzi nyuma, ni kifungo cha koti, na mashine haikukosea: kifungo cha shaba njano na tokeni ya shaba njano ya ukubwa huo hulia vilevile.